Hamira, Mhogo na Damu: Karne ya Uhandisi Jeni

Mtoto akitimiza wiki 6 mama humpeleka kliniki akachomwa sindano ya Penta pajani. Sindano hiyo humkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kinga ya homa ya ini iliyomo humo imetolewa na vijidudu vya jamii ya hamira. Vilipachikwa jeni moja ya virusi vya ugonjwa huo, vikakuzwa ndani ya matangi makubwa ya chuma, vikatengeneza kwa wingi protini ya ganda la virusi. Virusi vyenyewe havimo. Mwili wa mtoto hujifunza kulitambua ganda, na siku virusi halisi vikija hukuta askari wameshajipanga.

Kenya na Tanzania zimewachanja watoto kwa kinga ya namna hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hakuna aliyeandamana. Nchi hizohizo zimebishana miaka nenda miaka rudi juu ya mahindi na mihogo iliyobadilishwa jeni, mpaka mabaraza ya mawaziri na mahakama yakaingia kati. Ukiifuatilia historia ya elimu hii tangu mwanzo utaona kwamba ugomvi mkubwa haukuwa maabarani. Ulikuwa juu ya nani anaamua, nani anamiliki, na nani anafikiwa na dawa ikishapatikana. Utaona pia kwamba sehemu ya elimu yenyewe ilichotwa hapahapa kwetu, katika damu ya watu wa pwani na wa Ziwa Viktoria, na katika mashamba ya mihogo ya Usambara. Hilo halijasemwa vya kutosha.

Tuanzie kwenye kongosho. Kabla ya 1922, mtoto aliyepata kisukari cha utotoni alikuwa na hukumu ya kifo. Madaktari walimnyima chakula ili kumwongezea miezi michache, akakonda hadi mifupa ikahesabika. Mwaka 1921, huko Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya J. J. R. Macleod, walikamua kutoka kongosho za wanyama maji yaliyoshusha sukari ya mbwa wenye kisukari. James Collip akayasafisha. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa, na baada ya dozi iliyosafishwa vizuri hali yake ikageuka. Wagunduzi waliuza hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, kwa kuwa hawakutaka dawa ya kuokoa maisha iwe mateka wa mfanyabiashara.

Kwa miaka 60 iliyofuata uhai wa wenye kisukari ulitegemea machinjio. Kongosho za ng'ombe na nguruwe zilikusanywa kwa malori. Inakadiriwa kuwa takriban tani 2 za viungo vya nguruwe zilihitajika kupata gramu zisizofika 250 za insulini safi. Insulini ya wanyama inafanana sana na ya binadamu lakini si ileile, na miili ya baadhi ya wagonjwa iliikataa kwa vipele na uvimbe. Kwa Mwislamu lilikuwepo swali jingine, la dawa itokayo kwa nguruwe, ambalo daktari hakuweza kulijibu kwa kupunguza dozi. Na wenye kisukari walizidi kuongezeka, huku idadi ya wanyama wa kuchinjwa ikipangwa na walaji nyama.

Njia ya kutokea ilikuwa imeanza kuchimbwa zamani, na watu ambao hawakujua inakoelekea. Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alichapisha hesabu za njegere zake mwaka 1866, zikakaa bila kuzingatiwa hadi 1900. Mwaka 1869 Friedrich Miescher alichunguza usaha wa kwenye bandeji za hospitali huko Tübingen, akapata ndani ya viini vya seli kitu ambacho sasa tunakiita DNA. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wakaonyesha kuwa kitu hicho ndicho kibebacho urithi. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick wakalitangaza umbo lake, ngazi iliyojisokota, wakisaidiwa mno na picha ya eksirei iliyotoka katika kazi ya Rosalind Franklin, ambayo Watson alionyeshwa bila mwenyewe kujua. Franklin alifariki 1958 akiwa na miaka 37. Miaka 4 baadaye wanaume watatu, Watson na Crick wakiwemo, walipokea Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo.

Kilichofungua milango yote iliyofuata ni hiki: DNA huandikwa kwa herufi 4 tu, na karibu viumbe vyote husoma maandishi hayo kwa namna moja. Jeni ya mtu ikiingizwa ndani ya bakteria, bakteria huisoma na kutengeneza protini ileile. Kilichokosekana kilikuwa kisu na gundi. Kisu kilipatikana kwa bakteria wenyewe, ambao wana vimeng'enya vya kukatakata DNA ya virusi vinavyowavamia, na kila kimeng'enya hukata penye mfuatano maalumu wa herufi. Mwaka 1972 Paul Berg wa Stanford aliunganisha DNA za viumbe viwili tofauti. Novemba mwaka huohuo, katika mkutano wa Honolulu, Herbert Boyer aliyekuwa na kimeng'enya na Stanley Cohen aliyekuwa na plasmidi, yaani vipete vya DNA vinavyoingia na kutoka kwa bakteria, walikutana na kupanga kazi ya pamoja. Kufikia mwaka uliofuata bakteria wao walikuwa wakinakili jeni ngeni kila walipogawanyika, na hazikupita siku nyingi wakawekewa hata jeni ya chura.

Walioogopa kwanza walikuwa wanasayansi wenyewe. Mwaka 1974 Berg na wenzake waliandika barua ya hadharani wakiomba majaribio fulani yasimamishwe, kwa hofu kwamba bakteria anayeishi tumboni mwa watu angeweza kupewa jeni za saratani. Februari 1975 wakakutana Asilomar, ufukweni mwa California, wakaweka masharti ya maabara kulingana na hatari ya kila jaribio. Mkutano huo husifiwa sana. Mimi nausifu kwa kiasi, kwa maana waliokaa humo karibu wote walikuwa wataalamu wakiwaamulia wengine.

Tukio ninaloliona kubwa zaidi lilitokea mwaka mmoja baadaye katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka kujenga maabara ya kazi hiyo. Meya wa mji, Alfred Vellucci, aliita kikao cha wazi Juni 1976, akawauliza maprofesa maswali ambayo hawakuzoea kuulizwa. Baraza la mji likasimamisha majaribio ya aina hiyo na kuunda jopo la raia. Hapakuwa na mtaalamu wa jeni ndani yake. Alikuwemo mtawa aliyekuwa muuguzi, na mfanyabiashara wa mafuta ya kupashia nyumba joto. Walisikiliza pande zote kwa saa zaidi ya 100, wakasoma, wakabishana, wakawahoji washindi wa Nobel. Mwanzoni mwa 1977 wakapendekeza kazi iruhusiwe kwa masharti makali kuliko ya serikali kuu, na mji ukayafanya kuwa sheria. Leo Cambridge ni miongoni mwa vitovu vikubwa vya kampuni za bioteknolojia duniani. Kampuni zilikwenda pale ambapo wananchi walikuwa wameshauliza maswali yao na sheria ikajulikana.

Wakati huo Boyer alikuwa ameshaanzisha kampuni ya Genentech, mwaka 1976, pamoja na Robert Swanson. Septemba 1978 wakatangaza kwamba bakteria wao wametengeneza insulini ya binadamu. Jeni zake ziliundwa herufi kwa herufi katika hospitali ya City of Hope na Arthur Riggs na Keiichi Itakura, minyororo miwili ya insulini ikazalishwa mbalimbali, kisha ikaungwa. Oktoba 1982 insulini hiyo, iliyouzwa na Eli Lilly, ikaruhusiwa Marekani. Swali la nguruwe likaisha.

Miaka iliyofuata ilipindua hofu ya watu. Watoto waliodumaa kwa kukosa homoni ya kukua walikuwa wakitibiwa kwa homoni iliyotolewa kwenye ubongo wa maiti. Mwaka 1985 ikabainika kwamba baadhi yao, wakiwa vijana, walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob unaotoboatoboa ubongo, walioupata ndani ya dawa. Marekani ikasimamisha homoni ya maiti, na kabla ya mwaka kwisha homoni ya bakteria ikaruhusiwa. Wenye hemofilia, ambao damu yao haigandi, walikuwa wakipewa dawa iliyotokana na damu ya maelfu ya watu iliyochanganywa. Maelfu kati yao wakaambukizwa virusi vya UKIMWI. Dawa iliyotengenezwa kwa uhandisi jeni iliwafikia mwaka 1992, na wengi walikuwa wameshazikwa. Chanjo ya kwanza ya homa ya ini B pia ilitokana na damu ya watu wenye virusi. Ile ya hamira iliruhusiwa mwaka 1986. Katika mifano yote hii kilichotoka mwilini mwa mtu ndicho kilichokuwa na hatari, na cha maabara kikaleta usalama.

Kutokana na hamira hiyohiyo likaja jambo lililosubiriwa kuliko yote katika ukanda wetu. Chanjo ya malaria ya RTS,S imejengwa kwa kuunga kipande cha protini ya kimelea cha malaria na ganda la homa ya ini B, vyote vikazalishwa na hamira. Ilijaribiwa kwa maelfu ya watoto Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Kenya ilianza kuitoa magharibi mwa nchi mwaka 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Miaka 2 baadaye likafuata pendekezo la R21, dada yake wa bei nafuu zaidi, iliyojaribiwa Bagamoyo pia. Kinga ya RTS,S si kamili na chandarua bado kinahitajika. Lakini ni chanjo ya kwanza duniani dhidi ya kimelea cha binadamu kupendekezwa kwa watoto wote wa maeneo yenye ugonjwa, na wazazi wa Korogwe na Kilifi waliokubali watoto wao waingizwe kwenye majaribio wana sehemu yao katika ushindi huo.

Na bei? Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la Chakrabarty, kwamba kiumbe hai kilichobadilishwa na mtu chaweza kuwekewa hataza. Tangu hapo fedha zilimiminika. Chupa moja ya insulini ya Humalog, iliyouzwa Marekani kwa dola 21 mwaka 1996, ilifika takriban dola 275 miongo miwili baadaye, ilhali kilichokuwa ndani ya chupa hakikubadilika. Banting na Best walikuwa wameuza haki yao kwa dola 1 kila mmoja.

Kwenye chakula elimu hii iliingia kwanza kwa mlango wa jikoni. Jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kilichokuwa kikitolewa tumboni mwa ndama. Mwaka 1990 Marekani iliruhusu kile kinachotengenezwa na vijidudu, na leo sehemu kubwa ya jibini la dunia hugandishwa hivyo. Mwaka 1994 ikaja nyanya ya kampuni ya Calgene iliyochelewa kuoza, haikudumu sokoni. Mwaka 1996 ndipo mashamba makubwa ya Marekani yalipoanza kupandwa soya inayohimili dawa ya magugu, na pamba na mahindi ya Bt, yaliyopewa jeni ya bakteria wa udongoni anayeua viwavi. Mbegu hizo ziliuzwa na kampuni zilezile zinazouza dawa za magugu, na mkulima alitia saini kwamba hataweka mbegu kwa msimu ujao. Hapo ndipo kilipozaliwa kishawishi cha kuiona teknolojia nzima kuwa ni mtego. Namwelewa mkulima anayekataa sharti hilo. Mbegu iliyowekwa darini ni akiba ya nyumba.

Hata hivyo upo mfano wa Hawaii ambao wapinzani na watetezi wote wangepaswa kuujua. Mwaka 1992 virusi vya madoa ya pete viliingia Puna, palipokuwa pakitoka mapapai mengi ya visiwa hivyo. Dennis Gonsalves, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell na mzaliwa wa Hawaii, alikuwa ameshaanza kupachika kwenye papai kipande cha jeni ya virusi vyenyewe, ili mmea uvitambue na kuvizima. Katika shamba la majaribio mipapai ya kawaida ilinyauka yote, na katikati yake palisimama mraba wa kijani wa mipapai iliyobadilishwa. Mwaka 1998 mbegu ziligawiwa kwa wakulima bure. Mtafiti alitoka miongoni mwao, ugonjwa ulikuwa wao, na mbegu ikawa yao.

Kwetu mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 2008 ulianzishwa mradi wa mahindi yanayohimili ukame, WEMA, ukisimamiwa na taasisi ya AATF ya Nairobi kwa kushirikiana na Monsanto, mojawapo ya kampuni hizo za mbegu na dawa za magugu, kituo cha CIMMYT na nchi 5: Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini. Monsanto ilitoa jeni bila kudai malipo ya hataza kwa wakulima wadogo, lakini jina lake lilitosha kuamsha mashaka. Novemba 2012 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuingiza vyakula vilivyobadilishwa jeni, yaani GMO, baada ya utafiti wa Ufaransa ulioonyesha panya waliolishwa mahindi ya aina hiyo wakiwa na uvimbe mkubwa. Jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka mmoja baadaye, kwa kuwa panya walikuwa wachache na wa aina inayopata uvimbe kirahisi. Marufuku ilibaki hadi Oktoba 2022, katikati ya ukame mkali, ilipoondolewa na baraza la mawaziri, na mashauri yakafuata mahakamani. Nchini Uganda bunge lilipitisha muswada wa bioteknolojia mwaka 2017 na tena 2018, Rais akakataa kuutia saini.

Nchini Tanzania, mahindi ya WEMA yalipandwa Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016, ndani ya uzio, katika ardhi ambako mvua ikikatika mapema mahindi hukaukia kwenye mbelewele. Novemba 2018 wizara ya kilimo iliamuru majaribio yasitishwe na masalia yateketezwe, na mwanzoni mwa 2021 ikatangaza tena kuyafuta. Kinachoniuma ni namna uamuzi ulivyoshuka. Ulishuka kutoka juu, kama ulivyoshuka ule wa kuanza. Mkulima wa Dodoma, mwenye kuijua njaa kuliko sisi sote, hakupata nafasi waliyopewa yule mtawa na yule muuza mafuta wa Cambridge: saa 100 za kusikiliza, kuhoji, na kuandika masharti yake. Ushahidi uliokusanywa kwa miongo kadhaa, na uliopimwa na Shirika la Afya Duniani, haujaonyesha kwamba vyakula vya GMO vilivyoidhinishwa vinadhuru afya kuliko vya kawaida. Nauamini. Lakini ushahidi huo haujibu swali la mbegu ni ya nani, na anayemjibu mkulima swali la afya pale alipouliza la umiliki hajamjibu.

Mhogo ungeweza kutufundisha kuuliza vizuri zaidi, kwa sababu elimu ya magonjwa yake ni ya kwetu. Ugonjwa wa batobato, unaokunjakunja majani na kuyatia mabaka ya njano, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka Usambara. Katika kituo cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na kurithiwa na Waingereza, H. H. Storey aliutambua miaka ya 1930 ugonjwa wa pili na wa hila zaidi, michirizi kahawia. Mhogo wenye michirizi waweza kuonekana mzima juu ya ardhi, shina limesimama na majani mabichi. Ukiuchimba na kuukata unakuta nyama ya ndani ina mabaka ya kahawia, kavu kama kizibo, haiivi, haisagiki, hailiwi. Mwenye shamba hugundua kwamba hana chakula siku aliyokwenda kukichukua. Storey na Nichols walichanganya mhogo na mpira wa Ceará, jamaa yake wa porini, wakirudia kuuzalisha na mhogo mpaka wakapata aina zenye kuvumilia, na damu ya mimea ya Amani imo katika aina nyingi zinazolimwa Afrika hadi leo.

Tangu takriban 2004 michirizi imepanda kutoka pwani na kuivamia Uganda na kanda ya Ziwa, ikisambazwa na inzi weupe na kwa wakulima wenyewe kupeana pingili. Watafiti wa taasisi za kilimo za KALRO nchini Kenya na NARO nchini Uganda, pamoja na kituo cha Danforth cha Marekani, wakatumia njia ileile ya papai la Hawaii: kipande cha virusi kinachoufundisha mhogo kuvizima. Juni 2021 mamlaka ya Kenya iliidhinisha mhogo huo uende kwenye majaribio ya kitaifa ya mashambani. Mkulima akishapata pingili atakata nyingine mwenyewe, mwaka hadi mwaka, na kumpa jirani. Mtu akinitaka nichague zao moja la GMO la kulianzia mjadala Tanzania, ningechagua hili, na mjadala ningeupeleka Muheza na Ukerewe kabla ya Dodoma.

Pingili hiyo, kwa hakika, ni kloni. Kila shamba la mihogo na kila kihamba cha migomba Kilimanjaro au Kagera ni viumbe vilivyonakiliwa bila mbegu, na ndiyo maana ugonjwa ukiingia hauchagui. Kwa wanyama kazi ilikuwa ngumu zaidi. John Gurdon alifanikiwa kwa vyura, na matokeo yake ya 1962 yakaingia vitabuni. Kwa seli ya mamalia aliyekomaa ilidhaniwa haiwezekani, mpaka Julai 1996, alipozaliwa kondoo Dolly katika taasisi ya Roslin, Uskoti. Ian Wilmut na Keith Campbell walichukua kiini cha seli ya kiwele cha kondoo wa miaka 6, wakakiingiza kwenye yai lililoondolewa kiini chake. Walijaribu mayai 277. Alizaliwa mwanakondoo mmoja. Dunia ilipiga kelele juu ya kunakili watu. Nia yao ilikuwa kupata kondoo wenye kutoa dawa ndani ya maziwa.

Roslin hiyohiyo ilishirikiana na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi, na katika miaka ya 2010 akazaliwa Kenya ndama dume wa Boran, kloni, akaitwa Tumaini. Mpango wa mbele ulikuwa kuwapa ng'ombe jeni ya nyani. Damu ya nyani ina protini inayoua vimelea vya nagana na malale vinavyoenezwa na mbung'o, ng'ombe hana. Yeyote aliyeona ng'ombe wa nagana akikonda huku majani yakiwa tele ataelewa kwa nini watu walitumia miaka ya maisha yao kwa ndama mmoja. Ng'ombe mwenye jeni hiyo bado hajafika malishoni.

Nimeiacha damu mwisho kwa sababu ndiyo inayotuhusu zaidi. Anthony Allison alikulia Gilgil, katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirudi Kenya na kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba pwani na kando ya Ziwa Viktoria zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alikuwa na nakala moja ya jeni ya selimundu, na nyanda za juu karibu hawakuwepo. Ramani ya jeni hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha jibu: nakala moja humkinga mtoto na malaria kali, nakala mbili humletea ugonjwa. Ulikuwa mfano wa kwanza ulio wazi wa uteuzi asilia katika binadamu, na umo katika vitabu vya bayolojia vya dunia nzima. Waliotoa damu hawatajwi kwa majina.

Vernon Ingram wa Cambridge, Uingereza, akaonyesha muda mfupi baadaye kwamba kosa lote ni asidi amino moja katika himoglobini. Kwenye DNA ni herufi moja, A imekuwa T. Kwa herufi hiyo seli nyekundu hujikunja, huziba mishipa, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha. Wazazi wetu wengi walizika watoto hao kabla ya miaka 5 bila kuambiwa ni nini.

Kuliponya kosa la jeni mwilini kulichukua muda na maisha. Mwaka 1999 Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alifariki Pennsylvania katika jaribio la tiba ya jeni, na ikafahamika kwamba hatari zilizoonekana kwa wanyama hazikuelezwa ipasavyo. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha namna ya kutumia CRISPR, kinga ya bakteria dhidi ya virusi, kama mkasi unaopelekwa penye herufi unazotaka. Mwaka 2018 He Jiankui wa China aliutumia kwa viinitete vya binadamu, wakazaliwa mapacha. Alihukumiwa kifungo cha miaka 3, na kwa haki, kwa kuwa watoto hao hawakuwa na ugonjwa wa kutibiwa.

Mwaka mmoja baada ya hapo mwanamke Mmarekani mweusi, Victoria Gray, alipokea seli zake mwenyewe zilizorekebishwa kwa mkasi huo. Madaktari walizima swichi inayofunga himoglobini ya kitoto, ile tuliyozaliwa nayo, nayo ikaanza kutengenezwa tena na kuzuia seli zisijikunje. Wazo lilitokana na jambo lililoonekana zamani: watoto wachanga hawaonyeshi dalili, na baadhi ya wagonjwa wa mashariki mwa Saudia, wenye himoglobini hiyo kwa wingi, huugua kidogo. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023, na Marekani Desemba. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa hupewa dawa kali inayofuta uloto wake, akikaa hospitalini kwa wiki kadhaa.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu 2004, kazi iliyoanzishwa na Profesa Julie Makani, na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuwapandikizia uloto baadhi ya watoto kutoka kwa ndugu zao. Maabara za nje sasa zinatafuta mkasi unaoweza kuchomwa kwa sindano tu, bila kutoa seli wala kufuta uloto. Sindano hiyo ikiiva itahitaji kujaribiwa penye wagonjwa wengi, na wagonjwa wengi wako kwetu. Bei ya kuuzwa hapa, haki ya kuitengeneza hapa, na matibabu ya waliojitolea baada ya jaribio kwisha ni mambo ya kuandikwa kwenye mkataba kabla mtoto wa kwanza hajachomwa. Wakati huo ukisubiriwa, mtoto anayezaliwa leo Mwanza au Kisumu anahitaji tone la damu la kisigino lipimwe ndani ya wiki za kwanza, penisilini ya kila siku hadi afike miaka 5, na dawa ya haidroksiurea isiyokatika dukani.